Mrembo Aliyetambuliwa kwa Chapa ya Ngamia

Pale Galbet, mjini Garissa, ukitoka msikitini ukapinda kwenye duka la mabati, kuna benchi ambalo serikali haijalitambua lakini limeshaamua kesi nyingi kuliko mahakama. Ubao wake ulitoka kwenye lori lililofia njiani kuja kutoka Mandera, miguu yake ni madebe mawili yaliyojazwa zege, na mwenye nalo ni Ruqiya muuza kahawa, mzaliwa wa kandokando ya mto Tana, ambaye kahawa yake ya tangawizi imewahi kumwamsha mtu aliyekwisha kuchimbiwa kaburi. Asiyeamini aende Galbet akaulize. Sheria ya benchi ni moja tu: hapo watu huongea Kiswahili. Ruqiya alisema tangu siku ya kwanza kwamba Kisomali anakijua cha sokoni, cha bei na mizani, na hataki kutukanwa huku akidhani anasifiwa. Basi wanaume wazima wenye lugha yao tamu huivua kila asubuhi kama viatu vya mlangoni, wakaingia kwenye Kiswahili kila mtu na chake, ngeli zikikanyagana kama mbuzi kwenye josho.

Jumatano hiyo, siku ya soko la mifugo, wa kwanza kufika alikuwa Olow. Jina lake la benchini ni Tulia, kwa kuwa hilo ndilo neno lake kwa kila jambo. Nyumba ya jirani ikiungua, Olow husema tulia. Mvua ikikosa miaka mitatu, tulia. Lakini asubuhi hiyo alikunywa kahawa ya moto bila kupuliza, akaungua ulimi, akaongeza nyingine akaungua tena, na Ruqiya akamtazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba birika halina kosa.

Kosa lilikuwa kwenye simu ya jana. Nasteho, binti yake wa kwanza, yuko chuoni Nairobi mwaka wa tatu. Alipiga baada ya alasiri akamwambia baba yake kwamba ameingia kwenye shindano linaloitwa Mrembo wa Kaskazini, la wasichana wa Garissa, Wajir na Mandera. Walianza arobaini, wamebaki wanane. Nguo ni za stara, kichwa kimefunikwa, majaji ni akina mama. Ila kuna masharti mawili. Nusu ya alama zinatoka kwa watu wa mtandaoni, wale wanaobonyeza moyo kwenye video yako. Na kila aliyebaki lazima mzazi wake wa kiume ampigie simu aseme amekubali, naye apeleke jibu kwa majaji, kabla ya adhuhuri ya Jumatano. Asiyesemewa, jina lake linafutwa.

— Aabo, nataka neno moja tu, Nasteho alikuwa amesema. Ndiyo au hapana. Ukisema hapana natoka, na sitanuna.

Hilo la kutonuna ndilo lililomchoma Olow. Angesema atanuna, angemkatalia hapohapo akalala usingizi wake. Mama yake Nasteho alikwisha kusema ndiyo, kwa hiyo hapana ingekuwa ya Olow peke yake, aibebe mwenyewe kama maiti. Na ndiyo nayo ingetembea Galbet nzima kabla hajafika kwenye swala ya Ijumaa. Alimjibu mtoto kwamba atulie, atampigia. Sasa alikuwa amekuja kijiweni kusikia watu watasema nini kabla hawajajua wanamsemea nani.

Akaja Siyad, anayeitwa Daktari. Shule aliiacha darasa la nne, au shule ilimwacha yeye, lakini ni dalali wa ngamia wa miaka thelathini na hujigamba kwamba akionyeshwa chapa ya ngamia yeyote kutoka Moyale hadi Lamu atakutajia mwenye ngamia, baba wa mwenye ngamia na deni la baba wa mwenye ngamia. Nyuma yake Mahat, Wakili, aliyefungua na kufunga milango ya mahakama miaka kumi na miwili akatoka na methali zote za Kiswahili isipokuwa maana zake. Mwisho akaja Deeq, Bando, fundi wa simu mwenye kibanda chake hatua ishirini kutoka hapo, ambaye akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili ndiye kijana wa benchi, na kwa hivyo huwaita wenziwe wote adeer, yaani baba mdogo, hata anapowatukana.

Olow akasubiri vikombe vijae. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota habari njiani na hajui ya nani, kwamba amesikia redioni eti siku hizi wasichana hushindania urembo kwa simu.

Hakuhitaji kuongeza neno. Benchi lilikuwa limekaa wiki nzima bila mada.

Bando alianza kwa ujuzi. Alieleza kwamba msichana mjinga huweka video yake saa za Garissa, mwerevu huiweka saa za Minneapolis, Marekani. Kule ndiko ndugu walipo, na ndugu wa kule akifungua macho, kabla hajapiga mswaki, ashabonyeza laiki. Tena kuna laiki za kienyeji na laiki za gredi, kama kuku. Za kienyeji zinatoka kwa watu, zinakua polepole, tamu. Za gredi hutengenezwa na mashine, zinafura elfu tano kwa siku moja, na majaji wakizipika wanajua tu kwa harufu. Na msichana mwerevu kabisa, alisema Bando, haweki uso wake hata kidogo. Anaweka mama yake anapika canjeero, chapati yetu ya maji. Nani atapita bila kumpa mama laiki?

Wakili alitikisa kichwa. Akasema yeye haoni ajabu, kwani wahenga walishatoa hukumu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ndiyo maana wasichana hawa wanavaa viatu virefu.

— Hiyo haihusiani, adeer.

— Inahusiana na guu, alisema Wakili. Wewe ulisoma wapi?

Daktari alikuwa amenyamaza, na Daktari akinyamaza ni kama mawingu ya Aprili: usiende mbali na nyumba. Aliweka kikombe chini akawaambia kwamba yote hayo ni mambo ya zamani sana yaliyovalishwa jina jipya.

— Hii kitu munaita filta, ya kurembesha uso kwa simu, sisi kwa soko tunaita chumvi. Ngamia imekonda, unaipa chumvi, asubuhi inakunywa pipa mzima, tumbo inajaa kama ya mheshimiwa. Unapaka mafuta shingo. Unachana nundu. Iko tofauti gani?

Kisha akawapa hadithi ya ngamia mkongwe wa Wajir aliyeletewa mwaka fulani, hana meno, goti limevimba. Daktari akamwosha, akampaka mafuta ya nazi, akamnyoa masikio, akamfunga kamba nyekundu, na mtu wa kwanza kumnunua akawa yuleyule aliyemuuza asubuhi, akaondoka naye akimshukuru Mungu kwamba hatimaye ameondokana na kile kizee. Ruqiya alicheka hadi akamwaga. Olow naye alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulikuwa unahesabu saa.

Hadithi zikaendelea kupanda mlima. Daktari akadai kwamba kuna mtu amekaa nchi ya baridi, kazi yake mchana kutwa ni kuhesabu kope za wasichana kwenye simu, na zikipungua thelathini hakupeleki mbele. Bando, hakutaka kushindwa, akasema anamjua msichana wa Mandera aliyepata laiki laki moja kwa kulia tu, hakusema kitu, alilia tu kando ya mto Daua, na baadaye ikajulikana alikuwa anakata vitunguu. Wakili akasema haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana wasichana hawa wanapungua kutoka arobaini hadi wanane.

Olow alishtuka. Yeye hakutaja wanane.

— Umejuaje ni wanane?

— Redio, alisema Wakili, akatazama mahali pengine.

Bando alikuwa amekwisha kuchomoa simu. Alisema mbona wanabahatisha, wanane wote wako hapa, wacha awaonyeshe. Akaisimamisha simu juu ya kopo la sukari, wakasogea bega kwa bega, na Olow akajikuta katikati kama mtu aliyebanwa na ng'ombe mlangoni mwa boma. Video ya kwanza ilikuwa ya msichana anayemwaga chai kutoka juu sana bila kudondosha. Ya pili, mama na canjeero, na Bando akawatazama wote kwa zamu. Ya tatu ilipofunguka, Olow alikishusha kikombe.

Alikuwa Nasteho. Shela ya buluu, meno yote nje, midomo ikienda mbio, mkono mmoja umelalia shingo ya ngamia na mwingine umeshika kikombe cha bati chenye maziwa. Na ngamia alikuwa Barwaqo, ngamia jike wa Olow mwenyewe, anayelishwa na mdogo wake nje ya mji barabara ya Dadaab. Lazima mtoto alipiga video ile likizo iliyopita, aliposema anakwenda kumsalimu adeer yake.

Olow akangojea kuaibika. Lakini Nasteho aliondoka mtaani akiwa na miaka kumi na mitatu kwenda shule ya bweni, na tangu hapo hupita Galbet usiku akishuka basi na alfajiri akipanda. Sura yake hapa hakuna aliyeijua. Na jambo la pili, ambalo watu wa nchi nyingine hawataliamini: hakuna aliyemtazama. Macho yote matatu, yaani macho sita, yalikwenda moja kwa moja kwenye ngamia.

— Ngamia nzuri, alisema Daktari.

— Nundu imekaa, alisema Wakili.

Daktari akaitwaa simu, akaiweka mbele ya pua yake, akairudisha mbali, akaisogeza tena kama mwenye kupima dhahabu. Shingoni mwa Barwaqo palikuwa na chapa, mstari mmoja na nukta mbili. Olow alifumba macho. Chapa ile ilikuwa ya babu yake, na nyumba zenye kuitumia ni mbili tu duniani, kwa kuwa babu yake na babu wa Yarrow wa Kotile walikuwa wakilisha pamoja wakakubaliana: nyumba ya Olow waichome shingo ya kulia, nyumba ya Yarrow waichome ya kushoto. Hilo kila dalali anajua.

— Mstari moja, nukta mbili, alisema Daktari polepole. Shingo ya kushoto. Hii ni ya Yarrow. Wallahi hii ni ngamia ya Yarrow.

Olow akafumbua macho. Akatazama. Ilikuwa kweli, chapa ilikuwa kushoto. Akamtazama Barwaqo, ambaye amemjua tangu alipokuwa ndama aliyelala miguuni pake, akaona ni Barwaqo. Akatazama chapa, akaona ni ya Yarrow. Moyo wake ukagawanyika, nusu ukisema kuna jambo haliko sawa hapa, na nusu ukisema alhamdulillahi. Nusu ya pili ilikuwa na sauti kubwa zaidi. Akanyamaza.

Basi benchi likamgeukia Yarrow, aliyekuwa sokoni wakati huo bila habari. Kumbe Yarrow, yule mkimya, ana binti kwenye urembo. Daktari akasema haishangazi, mwaka jana alimwona amenunua miwani ya jua. Wakili akatoa nadharia kwamba msichana hajaingizwa shindanoni, aliyeingizwa ni ngamia, na msichana ni wa kumshikilia tu. Bando akaenda mbali zaidi: akasema huenda Yarrow ameanza kukodisha ngamia kwa warembo wote, leo kwa wa Garissa, kesho kwa wa Wajir, na ukichunguza video nane utamkuta ngamia huyohuyo nyuma amebadilishwa kamba. Wakazichunguza nane zote. Katika mbili kulikuwa na mbuzi. Daktari akasema mbuzi mmoja anamfahamu.

Olow alikuwa amecheka nao. Aliona haya kwa kucheka, lakini kicheko kilikuwa kitamu, kicheko cha mtu ambaye mvua imempita ikanyesha kwa jirani. Hadi Wakili aliporudi kwenye video ya tatu akashusha sauti kama mtu aliyeona ajali.

— Waryaa, angalieni hii. Anakunywa kwa kushoto.

Wakaangalia. Nasteho aliinua kikombe cha bati, akasema bismillahi kwa midomo, na akanywa maziwa kwa mkono wa kushoto, bila haya, mbele ya watu elfu kumi na tisa.

Hapo Olow hakucheka. Mkono ule yeye ndiye aliyeufunga. Nasteho akiwa na miaka mitatu alikuwa akikimbilia chakula kwa kushoto, na Olow alikaa naye mwezi mzima kila mlo, ameufunga mkono wa kushoto kwa ncha ya shela ya mama yake, akimwimbia ili asilie, mpaka wa kulia ukajua kazi yake. Mwezi mzima. Na Nairobi imeufungua kwa miaka mitatu tu? Ikiwa imefungua huo, imefungua na nini kingine? Hapo ndipo neno lililokuwa likimyumbia tangu jana lilipoegemea upande mmoja. Akaingiza mkono mfukoni akaishika simu yake. Hapana ni neno fupi, alijiambia. Linasemeka hata na mtu aliyeungua ulimi.

Lakini hakupewa nafasi. Wakili alikuwa amesimama.

Alisema kama majirani hawawezi kumwacha Yarrow aangamie. Lazima aambiwe, na aambiwe leo, kwa heshima, na ujumbe rasmi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hivyo twende tumsaidie kuubeba, ni mwepesi. Ikaulizwa nani atakuwa msemaji. Daktari ana kelele. Bando hana mvi. Wakili mwenyewe angependa, lakini alikuwa na kesi ya shamba na Yarrow.

Wote wakamgeukia Olow.

— Tulia, alisema Daktari, wewe ndio uko na maneno baridi. Wewe pia ni baba ya msichana. Utajua penye inauma.

Olow alijaribu kusema ana shughuli. Alijaribu kusema tumbo. Alikuwa angali anajaribu pale Yarrow mwenyewe alipotokea kwenye kona, fimbo mabegani na mikono imening'inia juu yake, vumbi la soko hadi kwenye kope, akatoa salamu, akakaa mwisho wa benchi, akaomba kahawa. Alikuwa amekuja mjini kununua dawa ya kupe. Benchi likaitikia salamu yake kwa upole wa matanga. Ruqiya akamimina. Wakili akamsukuma Olow kiwiko cha mbavu.

Wapo waliowahi kumsikia Olow akisuluhisha ugomvi wa visima, na wanakubali kwamba ulimi wake ni mali. Siku hiyo alianza vizuri. Alimsifu Mungu, akauliza hali ya malisho, akauliza hali ya kupe. Akasema watoto ni amana. Akasema binti hasa ni amana. Akasema ulimwengu wa sasa umeingia kwenye simu, na mtoto aliyelelewa vizuri anaweza kuteleza, na baba asipokuwa mkali mapema atakuja kulia baadaye. Daktari aliitikia kwa kichwa, hotuba inakwenda. Kisha, hakuna ajuaye ilikuwaje, hotuba ikaacha njia.

— Lakini tena, Yarrow, mtoto akikupigia yeye mwenyewe, alisema Olow. Hakukuficha. Amekuuliza. Anakwambia aabo, sema neno moja, ukikataa sitanuna. Huyo utamkasirikia vipi? Unaona ugumu wake? Ungemkuta amekuibia siri, ungekuwa na pa kuanzia. Huyu amekuachia mlango wazi akasimama nje. Sasa wewe baba, unafanya nini?

Wakatazamana. Hakuna aliyemtuma aseme hayo.

Yarrow alipuliza kahawa yake, akanywa, akafikiri.

— Ni maneno mazuri, walaal, alisema. Lakini mimi niko na vijana saba. Binti nimeomba Mungu mpaka mke wangu amechoka.

  Daktari ndiye aliyejikaza kwanza, akainyakua simu na kumpelekea Yarrow usoni, kama polisi anayeleta kidhibiti: basi huyu ni nani, na ngamia hii si yako, na chapa hii si ya kushoto? Yarrow akaichukua simu kwa mikono miwili, kwa kuwa yake ni ya vibonyezo. Aliitazama video hadi mwisho, ikaanza tena, akaitazama tena. Yeye alikuwa mtu wa kwanza benchini kumtazama msichana.

— Anaongea sana, alisema. Anasema nini?



Bando akakohoa. Akasema simu zake huwa bubu akiwa karibu na msikiti, hajui video gani itapiga muziki. Yarrow akageuza uso kwa Wakili, na Wakili akasema bila shaka anaomba kura. Akageuka kwa Daktari, na Daktari akasema bila shaka anatuliza ngamia. Yarrow akasema hakuuliza bila shaka. Ameuliza anasema nini.

— Mumekaa na yeye kutoka asubuhi, alisema, bila ubaya wowote. Hata salamu yake hamujasikia?

Bando, masikio yamemwiva, akapeleka kidole kwenye kitufe cha sauti. Olow akauweka mkono wake wote juu ya simu, ukafunika msichana, ngamia na laiki zake.

— Ngoja, alisema. Huyo atasema jina lake, namjua. Na mimi sitaki nisemewe na mtoto kitu ambacho nimekinyamazia tangu asubuhi. Ni Nasteho. Nasteho Olow Duale. Ni wangu. Ngamia pia ni wangu. Yarrow, nisamehe, nimecheka juu yako.

Yarrow alimwambia kicheko hakina kupe, hakidhuru. Lakini Daktari alikuwa amesimama, na haya si aibu ya Olow tena, haya yalikuwa miaka thelathini ya kazi inayoanguka mbele ya macho yake. Akapiga kelele za chini kwa chini kwamba chapa iko kushoto, wote wameiona, ya Olow ni kulia, basi kama ngamia ni wa Olow dunia imepinduka na yeye astaafu.

Ndipo Ruqiya akaweka birika chini. Alikuwa amejibana tangu saa tatu asubuhi na sasa mbavu zilimshinda.

— Hiyo ni kamera ya mbele, alisema. Mtoto ameitegemeza simu mahali akajipiga mwenyewe, na ukijipiga hivyo inakutoa kama kioo. Kulia inakuwa kushoto. Mtoto anakunywa kwa kulia, na chapa iko kulia. Nyinyi ndio mko kinyume.

Bando alianza kusema kwamba hilo alikuwa anataka kulisema. Ruqiya akachomoa simu yake kutoka kwenye kanga. Ikawa ni siku ya kufichuka mengi, kwa sababu Ruqiya ana ukurasa wake, kahawa na benchi lake, wafuasi elfu kumi na mbili, na walio kwenye video zote ni wao wanne, wakibishana, miezi miwili sasa. Akawaonyesha mojawapo, iliyopigwa kwa kamera hiyohiyo ya mbele. Wakili yuko katikati, kidole juu, ananywa kahawa kwa mkono wa kushoto.

— Watu wamekutukana huko chini mpaka nimechoka kufuta, Ruqiya alimwambia. Na mfuasi wangu mmoja anajiita Mfalme wa Dubai, kila siku ananiletea mioyo. Namba yake ya simu ni ya Wakili. Huyohuyo amewapigia laiki warembo wote wanane.

Wakili akasema wahenga hawakuacha methali ya jambo hilo. Ndiyo mara ya kwanza alipokuwa sahihi.

Olow hakuwasikia. Alikuwa angali kwenye lile la mkono. Anakunywa kwa kulia. Aliyarudia moyoni kama mtu anayehesabu mbuzi baada ya fisi kupita, na kila alipofika mwisho walikuwa wametimia. Akaondoa kiganja chake juu ya simu, akamwambia Bando afungue sauti, msikiti utasamehe.

Sauti ya Nasteho ikatoka, ndogo na yenye haraka. Alitoa salamu. Akasema yeye ni Nasteho Olow Duale, na hakuishia hapo. Aliendelea na baba wa Duale, na babu wa Duale, akashuka ukoo mzima bila kuvuta pumzi hadi babu wa saba, kama Olow alivyomfundisha, mmoja tu alimkanyaga kidogo. Kisha akasema: huyu hapa ni Barwaqo, ngamia wa aabo, maziwa yake ndiyo yamenisomesha. Mimi kama hamjanipenda, laiki mpeni yeye. Akasema bismillahi, akanywa.

Daktari alikaa chini taratibu.

— Nilisema, alinong'ona. Nilisema mambo ni ya ngamia.

Yarrow akauliza hiyo laiki hutolewaje. Bando akamshika kidole akakipeleka kwenye moyo, na moyo ukawa mwekundu, na Yarrow akatabasamu kama aliyekamua ngamia wa mtu kwa idhini. Akauliza kama anaweza kutoa mbili. Akaambiwa kila mtu ni moja tu. Akauliza kwa nini, mbona yeye ana watoto saba. Hilo nalo likataka kuwa mjadala, lakini Ruqiya aliliinamisha birika na hakikutoka kitu ila machicha ya tangawizi, na kutoka msikitini kipaza sauti kikakohoa mara moja, kile kikohozi cha muadhini anayejiandaa kuadhini adhuhuri.

Olow alikuwa ameshasimama na simu sikioni. Hakwenda kando. Alipigia hapohapo, mbele yao wote, nao wakajifanya wanasoma vikombe vitupu.

— Aabo? alisema Nasteho. Ilielekea alikuwa ameishika simu mkononi tangu alfajiri.

— Ile video yako irudie, alisema Olow. Mwambie mtu akushikie simu, usijipige mwenyewe. Galbet wanasoma chapa yetu ni ya Yarrow. Na babu wa sita umemkanyaga, mtaje vizuri.

 Muadhini akavuta pumzi.

— Aabo, alisema Nasteho, hiyo ni ndiyo?

Olow akaona ndiyo yenyewe bado inamkwama, ulimi ungali na majeraha ya asubuhi, na watu watano wamekaza masikio. Akaizunguka, kama mchungaji anavyozunguka kichaka asichotaka kukipita katikati.

— Nimekwambia irudie, alisema. Mtu aliyekatazwa haambiwi arudie.